Gari la zamani na oili yake: dalili, chanzo na wakati wa kumwaga

Swali linaloingia gerejini kwetu Ng'ambo, Tabora mjini, karibu kila siku ni hili: "Fundi, gari langu ni la zamani. Oili nimwage kila baada ya kilomita ngapi?"

Nianze na jibu. Gari la petroli la miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000, linalotembea mjini na kwenye lami, likiwekwa oili ya kawaida: kilomita 5,000 au miezi sita, kitakachotangulia. Gari hilohilo likiwa la vumbi, la kubeba abiria na magunia, au la safari fupi za nyumbani, sokoni na kurudi: kilomita 3,000. Dizeli za zamani zisizo na tabo (turbo), kama injini za 3L na 5L za Hiace na Hilux: 5,000 na usivuke, na zikiwa za vumbi uwahi zaidi. Filta ya oili inabadilishwa kila oili inapomwagwa. Anayekwambia filta ibadilishwe mara moja kwa sevisi mbili anakuokolea shilingi chache kwa gharama ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini.

Sasa lipo jambo ambalo hilo jibu haliligusi, na ndilo lililonifanya niandike. Injini nyingi ninazofungua na kukuta metali (vile vikombe vya chuma laini ambamo krenki huzunguka) zimeungua hazikufa kwa sababu mwenye gari alichelewa kilomita elfu moja. Zilikufa kwa sababu oili iliisha ndani huku kadi ya sevisi ikisema muda bado. Gari likishazeeka hula oili. Kadi hailijui hilo. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ndiyo inayojua.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, pima

Simamisha gari mahali tambarare. Pima asubuhi kabla hujawasha, au zima injini usubiri dakika kumi ili oili ishuke yote kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Vuta dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho, kisha ivute tena. Mara ya kwanza haihesabiwi, maana oili huwa imepanda juu ya kijiti na kudanganya.

Oili iwe kati ya alama mbili, ya juu F na ya chini L, au vitundu viwili kama dipstiki yako haina herufi. Kwa injini ndogo za Toyota nafasi kati ya alama hizo ni kama lita moja. Angalia maana yake: 1NZ-FE, injini iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Ukiikuta kwenye L, zaidi ya robo ya oili yote haipo, na iliyobaki inafanya kazi ya yote: inazunguka haraka zaidi, inachemka zaidi, inachakaa mapema. Ndiyo maana gari lililoachwa kwenye L haliwezi kudai zile kilomita 5,000. Oili kidogo huchoka upesi.

Pima kila unapojaza mafuta, au chagua siku moja ya wiki. Weka daftari kwenye kiboksi cha mbele, lenye safu tatu: tarehe, kilomita, oili uliyoongeza. Odometa ikiwa imekufa, na kwenye magari haya nyingi zimekufa, hesabu kwa petroli. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakuwa limetembea karibu kilomita 5,000 likishakunywa lita 400 na kidogo. Andika kila unachonunua kituoni, utajua ulipo.

Kilomita 5,000 za Nzega si sawa na kilomita 5,000 za porini

Kutoka Tabora hadi Nzega ni kilomita kama 115 za lami. Ukitembea kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kilomita 5,000 ni saa 62 hivi za injini kufanya kazi. Chukua gari hilohilo uingie barabara za ndani za Uyui au Kaliua wakati wa masika, ambako mwendo wa wastani ni kilomita 25 kwa saa. Kilomita 5,000 sasa ni saa 200. Odometa haioni tofauti, kadi haioni tofauti, lakini oili imepikwa zaidi ya mara tatu. Ongeza na muda ambao injini inanguruma gari limesimama, abiria wanapakia magunia ya karanga: kilomita sifuri, oili inachakaa.

Kiangazi kinaleta vumbi. Vumbi letu lina mchanga mwembamba, nao ukipita kwenye filta ya hewa iliyochanika au isiyokaa vizuri kwenye boksi lake, unaingia kwenye silinda na kusaga ringi za pistoni kama msasa. Kisha unashukia kwenye oili. Kwa hiyo ukiona gari limeanza kula oili ghafla baada ya msimu mmoja wa Julai hadi Oktoba, fungua boksi la filta ya hewa kwanza. Pitisha kidole kwenye bomba linaloingia kwenye injini, baada ya filta. Kikitoka na vumbi, umeshapata mwizi. Ukipuliza filta kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, usiweke mdomo wa hewa karibu ukatoboa karatasi.

Dalili: oili inapungua, chini hakuna tone

Mama mmoja mwalimu wa Urambo aliniletea Corolla 110 yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili gari nimelimwaga oili mwezi wa jana tu, mbona linagonga?"

Nikavuta dipstiki, ncha kavu. Kadi ilionyesha amebakiza kilomita 1,900. Alikuwa ameifuata kadi kwa uaminifu wote, hajachelewa hata mara moja tangu alinunue. Tulipomwaga, kwenye injini inayotakiwa kuwa na lita tatu hivi ilitoka lita moja na kidogo. Metali zilikuwa zimeanza kukwaruzika, krenki ilikuwa bado nzima. Mungu alisaidia, siku mbili zaidi tungekuwa tunazungumzia injini nyingine. Iliniuma kwa sababu hakuna fundi hata mmoja kati ya waliomhudumia aliyewahi kumwonyesha dipstiki iko wapi.

Oili isiyodondoka inaungua. Inaonekana kwenye moshi, na kinachosema ukweli ni wakati moshi unapotoka, zaidi hata ya rangi yake. Moshi wa bluu unaotoka kwa wingi unapowasha asubuhi, kisha ukapotea baada ya dakika moja au mbili, ni sili za valvu. Usiku oili imechuruzika kupitia shina la valvu na kukaa juu ya pistoni. Sili hizohizo hujionyesha ukishuka mteremko mrefu bila kukanyaga, halafu ukakanyaga chini: moshi unafumuka nyuma. Huku Tabora miteremko ya kupimia hatuna, lakini wenzetu wa Kigoma wanaoshuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni wanayo kila siku. Watazame kwenye kioo.

Moshi wa bluu unaotoka muda wote unapokanyaga, hasa ukiwa na mzigo, ni ringi. Kuna kipimo cha kutenganisha: fundi apime mgandamizo wa kila silinda kupitia tundu la plagi, kisha amwage kijiko cha oili kwenye silinda iliyo chini na apime tena. Ukipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, basi ringi zimekwisha. Usipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Dai kipimo hiki kabla hujakubali kufungua injini, kwa sababu sili za valvu zinaweza kubadilishwa hedi (kichwa cha injini) ikiwa mahali pake, kwa kupulizia hewa ndani ya silinda ili valvu zisidondoke. Gharama yake na ya ovaholi, yaani kufungua na kutengeneza injini nzima, ni mbingu na ardhi.

Na kabla ya hayo yote kuna kifaa kidogo cha kuangalia: valvu ya PCV, kwa kawaida iko kwenye tapeti kava (kava la juu ya injini), ina mpira unaokwenda kwenye njia ya hewa. Ichomoe, itikise. Nyingi zikiwa nzima hulia cheke-cheke. Ikiwa imeganda kwa uchafu, hewa chafu ya ndani ya injini haina pa kutokea. Inasukuma oili nje kwenye sili, au oili inavutwa ikaungue. Nimeshaona gari lililopangiwa ovaholi likapona kwa kusafishwa hiki kifaa na mpira wake.

Wenye injini ya 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, mtaikuta kwenye baadhi ya Spacio na ndugu zake, mjue kwamba tatizo la kula oili ni la kuzaliwa. Vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni zake ni vidogo, vinaziba kwa masizi, ringi ya oili inakwama. Kuchelewa kumwaga oili kwenye injini hiyo kunaharakisha. Kwa hiyo 1ZZ ya zamani sitaipa 5,000 hata ikiwa ya lami.

Ili ujue gari lako linakula kiasi gani, jaza hadi F, tembea kilomita 1,000, jaza tena hadi F huku ukipima ulichoongeza. Chini ya robo lita, endelea na maisha. Nusu lita, anza kutafuta chanzo bila haraka, na pima kila wiki. Vitabu vya Toyota vingi vinataja lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa kikomo. Ukifika hapo, chagua: kutengeneza, au kutembea na galoni kwenye buti na kuongeza bila kukosa.

Kuna maneno yanazunguka vijiweni kwamba gari linalokula oili "linajibadilishia lenyewe", kwa sababu unaongeza mpya kila mara, basi hakuna haja ya kumwaga. Si kweli, na yameua injini. Kinachoungua ni oili. Masizi, vumbi la chuma na asidi havitoki na moshi, vinabaki kwenye sampu na kwenye filta. Filta ikijaa kabisa, valvu yake ya dharura hufunguka na oili inapita bila kuchujwa. Mwaga kwa wakati uleule. Unachoweza kufanya kupunguza machungu ni kutotumia oili ya bei kubwa kwenye injini inayoiunguza. Oili ya kawaida yenye viwango sahihi inatosha.

Dalili: taa nyekundu ya oili

Kwenye magari haya ya zamani taa hii haipimi kiasi cha oili. Inapima presha. Mpaka iwake, kiasi kimeshapungua sana au kuna kitu kingine kimeharibika. Kwa hiyo ikiwaka ukiwa barabarani, weka pembeni na zima injini hapohapo. Si mpaka kituo cha mafuta, si mpaka kivulini. Kilomita mbili bila presha zinatosha kuunganisha metali na krenki.

Kabla sijaendelea: washa swichi bila kupiga stata. Taa lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa au kuna mtu alichomoa waya ili akuuzie gari "zuri". Hili likague leo.

Taa ikiwaka unapokata kona au kufunga breki kisha ikazima, oili iko chini. Inakimbilia upande mmoja wa sampu na mdomo wa pampu unavuta hewa. Ongeza, kisha rudi kwenye sehemu iliyotangulia kujua inakokwenda.

Taa ikipepesa gari likiwa limesimama, injini imechemka, na ukikanyaga kidogo inazima, hapo kuna mambo manne na usikubali kuruka moja. La kwanza na la bei rahisi ni swichi ya presha yenyewe. La pili, oili imekuwa nyepesi mno, ama kwa uzee, ama kwa sababu petroli imeingia, ama ni oili ya bandia. La tatu, metali zimeliwa na nafasi imekuwa kubwa, presha haikai. La nne ni pampu, au chujio lililo ndani ya sampu limeziba.

Kinachotenganisha ni geji ya presha. Fundi anachomoa swichi, anafunga geji pale pale, anasoma. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, ikiwa moto na inazunguka polepole, presha isishuke chini ya 0.3 kg kwa sentimita ya mraba, na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya 2.5 na 5. Geji ikisoma vizuri na taa bado inapepesa, badilisha swichi uende nyumbani. Presha ikiwa nzuri injini ikiwa baridi na kuanguka ikichemka, angalia oili na metali. Ikiwa mbovu baridi na moto, shusha sampu uangalie chujio. Mara kadhaa nimekuta chujio limezibwa na vipande vya gundi ya gasketi. Fundi wa mwisho alipaka gundi nyingi kwenye sampu, ikafura ndani, ikakatika, pampu ikaivuta. Gundi inatosha ikiwa uzi mwembamba. Fundi asiye na geji akikwambia ununue injini, mshukuru, nenda kwa mwenye geji.

Dalili: oili nyeusi siku ya tatu

Dizeli, ni kawaida yake, masizi huingia tangu siku ya kwanza. Gari la petroli la zamani ambalo oili yake haikumwagwa vizuri kwa miaka, ni oili mpya inaosha uchafu wa zamani. Weusi peke yake si ugonjwa. Gusa kwa vidole viwili: ikiwa laini, sawa. Ikiwa na chembe zinazokwaruza au inang'aa kama ina unga wa shaba, hizo ni metali zinasagika.

Dalili: oili kama chai ya maziwa

Tazama mahali pawili, usiishie mahali pamoja tu. Povu la rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa kujazia, huku dipstiki ikiwa safi, mara nyingi ni mvuke. Gari linawashwa asubuhi za baridi za Juni na Julai, linakwenda kilomita mbili shuleni, linazimwa kabla halijachemka. Maji yanayotokana na kuungua kwa petroli hayapati joto la kuyatoa. Lipeleke safari ya nusu saa, lichemke sawasawa, pafute, angalia tena wiki ijayo. Gari la namna hiyo ndilo lile nililosema limwagwe kila 3,000, na likifika miezi minne halijafika hizo kilomita, mwaga tu.

Dipstiki nayo ikiwa na maziwa, na maji ya rejeta yanapungua, au mapovu yanapanda kwenye rejeta injini ikinguruma, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepinda au kupasuka. Usiliwashe tena. Lifungwe kamba livutwe. Maji hayana uwezo wa kulainisha metali. Na baada ya kutengeneza hedi, mwaga oili na filta, tembea kilomita 200 au 300, mwaga tena, maana maziwa hubaki kwenye njia nyembamba. Hapa watu hubana hela na kazi yote ya hedi inapotea.

Dalili: oili imeongezeka bila kuongezwa

Wengi hufurahi. Wasifurahi. Nusa dipstiki. Ikinuka petroli, kwenye gari la kabureta angalia pampu ya petroli ile iliyofungwa kwenye injini: mpira wake wa ndani ukitoboka, petroli inashuka moja kwa moja kwenye sampu. Kwenye gari la sindano za petroli (EFI), ni sindano inayovuja au plagi isiyochoma. Kwenye dizeli inaweza kuwa sili ya pampu ya dizeli. Oili hiyo haifai hata kilomita kumi, na usiwashe kiberiti karibu na mfuniko. Ikiwa hainuki, kuna maji, rudi kwenye maziwa.

Dalili: uji mweusi chini ya mfuniko

Ukifungua mfuniko ukakuta kitu kizito kama lami kimeganda, gari hili lilimwagwa oili kwa kubahatisha. Ushauri utakaopewa kila mahali ni kumwaga dizeli au mafuta ya taa ndani, kuzungusha injini dakika kumi na kumwaga. Mimi nakataa kazi hiyo. Dizeli hailindi metali, na uji uliong'oka kwa pamoja unakwenda kuziba lile chujio la ndani ya sampu. Gari linaingia likiwa chafu, linatoka likiwa linagonga.

Uji uliingia polepole, utoke polepole. Weka oili nzuri ya kawaida na filta mpya, tembea kilomita 1,500, mwaga. Rudia mara ya pili na ya tatu. Utaona kila mara inavyotoka, ya tatu itakuwa na unafuu. Kama uwezo upo, shusha sampu, sugua chujio kwa mkono, rudisha na gasketi mpya. Baada ya hapo nenda 3,000 kwa mwaka mmoja.

Dalili: madoa chini ya gari

Laza boksi la kadibodi chini usiku, asubuhi utajua doa liko upande gani. Osha injini kwanza, vinginevyo kila mahali patakuwa na oili na fundi atabahatisha. Inayotoka juu na kushuka ni gasketi ya tapeti kava, ya kawaida kabisa, na ikimwagikia bomba la moshi utasikia harufu ya kuungua ukisimama. Kwenye 4A na 5A, oringi ya distributa. Mbele nyuma ya puli, sili ya krenki. Kati ya injini na giaboksi, sili ya nyuma, na hiyo inataka giaboksi ishushwe, kwa hiyo kama ni tone moja kwa usiku, ishi nayo na dipstiki mkononi. Bolti ya kumwagia, ile ya spana namba 14 kwenye Toyota ndogo nyingi, inavuja kwa sababu washa yake imetumika mara kumi. Badilisha washa. Usiongeze nguvu kwenye bolti, utaua meno ya sampu.

Halafu kuna la filta, na hili lilitokea mikononi mwetu nikiwa bado najifunza kazi. Tulifungua filta ya Hilux ya mzee mkulima wa tumbaku. Raba ya filta ya zamani ilibaki imeganda kwenye injini, hatukuiona, tukafunga mpya juu yake. Raba mbili. Gari likanguruma pale bila tone. Njiani kuelekea Sikonge presha ikazisukuma, oili yote ikamwagika ndani ya dakika chache, injini ikashika. Yule mzee alikuwa amekuja kufanya sevisi kwa wakati, alikuwa hana kosa lolote. Tangu siku hiyo napitisha kidole kwenye duara lote kabla sijafunga filta, na namwonyesha mwenye gari raba ya zamani ikiwa kwenye filta ya zamani. Na wewe idai. Ni sekunde tano.

Dalili: kelele

Kelele nyepesi ya tiki-tiki unapowasha asubuhi, ikaisha ndani ya sekunde chache, mara nyingi ni filta isiyozuia oili kurudi chini usiku. Weka filta bora uone. Tiki-tiki isiyoisha ni nafasi za valvu, pima kwanza oili, kisha zirekebishwe. Mlio mzito wa ko-ko-ko kutoka chini, unaozidi ukikanyaga, ni metali. Hapo injini inaelekea kunoki, oili mpya haitairudishia chuma kilichokwisha kuondoka. Zima, vuta, fungua.

Oili ipi

Soma nyuma ya galoni. Herufi za API, daraja la ubora wa oili, zikianza na S ni za petroli, zikianza na C ni za dizeli. SL, SM, SN na SP zote zinafaa gari la petroli la miaka ya 1990. Kwa hali ya hewa yetu, injini ya zamani iliyochakaa inakaa vizuri na oili ya uzito wa 15W-40 au 20W-50. Injini kama 1NZ iliyo bado nzima ibaki na 5W-30 au 10W-30 iliyotengenezewa, usiipe uzito usiouhitaji, njia zake ni nyembamba. Oili nzito inaweza kupunguza moshi wa gari lililochoka, na sioni kosa, mradi ujue umefunika moshi, ringi ziko vilevile.

Epuka oili inayopimwa kwa chupa kutoka kwenye pipa lisilo na jina. Angalia sili ya mfuniko haijafunguliwa, alama ya TBS, na maandishi yasiyofutika kwa kidole. Ukimaliza, toboa galoni tupu au likate, ili lisirudi dukani na kitu kingine ndani.

Oili chafu watu huinunua kupaka nguzo kwa ajili ya mchwa. Isifike kisimani, na isipelekwe kwenye mizinga kufukuza siafu. Asali yetu inanunuliwa kwa jina la Tabora.

Mama mwalimu wa Urambo tulimbadilishia metali na sili za valvu. Ringi hakuweza wakati ule, ada za watoto zilikuwa zimekaribia. Tukakubaliana 3,000, dipstiki kila Jumamosi, na daftari. Gari lake lilikuwa linakula karibu lita kwa kilomita 1,000, sasa ni chini ya nusu. Mwezi uliopita alipita kuweka upepo kwenye matairi, nikafungua boneti kabla hata ya salamu kuisha. Dipstiki ilikuwa kwenye F. "Niliongeza juzi, mwanangu," akasema, akanionyesha ukurasa.